Baba yuko kwenye imatinib, sasa ana TB, na majirani wameleta mlonge: ale nini, aache nini?

"Habari mtaalamu. Baba yangu ana miaka 61, tunaishi Muheza. Mwaka juzi aligundulika ana saratani ya damu ile inaitwa CML, anahudhuria kliniki Dar na anakunywa imatinib 400 mara moja kwa siku, majibu ya damu yalikuwa mazuri. Shida kila mtu ana lake. Shangazi kasema asile machungwa, ndimu, maziwa wala nyama, na shamba letu ni machungwa na mabalungi matupu. Jirani kaleta unga wa mlonge na majani ya mstafeli ya kuchemsha, anasema yanaua seli za kansa. Dawa akimeza asubuhi inamchefua kwahiyo siku hizi anameza usiku tumbo tupu halafu analala. Ana amlodipine ya presha, na diklofenaki ya dukani maana misuli ya miguu inambana usiku. Asubuhi macho yanakuwa yamevimba. Sasa kubwa zaidi, amekohoa wiki tatu, wamepima makohozi wamesema ni TB na Jumatatu anaanza dawa. Je zinaendana na imatinib? Tusimamishe ipi kwanza? Na chakula ale nini?"

Pole sana ndugu yangu, kuuguza mzazi sio kazi ndogo, na mpe pole mzee. Umeuliza mengi kwa mpigo na naona kinachokunyima usingizi ni chakula, kwamba pengine chungwa alilokula mzee jana ndo litaharibu dawa. Nikutoe wasiwasi mapema, sahani ya baba yako haina shida kubwa. Kilichonishtua mimi kwenye ujumbe wako ni hayo ya mwisho, dawa za TB. Kwahiyo naanza na hizo, chakula na mlonge vinafuata.

Jibu fupi: dawa za TB na imatinib zinagongana, tena vibaya, lakini hakuna ya kusimamisha kwa uamuzi wa nyumbani. TB lazima itibiwe na CML lazima iendelee kutibiwa. Kinachotakiwa ni madaktari wa pande mbili waongee kabla ya Jumatatu, na ikishindikana basi ndani ya wiki hiyohiyo ya kwanza. Pigeni simu kliniki ya Dar leo, waambieni kwa maneno haya haya: "mgonjwa wetu wa imatinib amekutwa na TB, anataka kuanzishiwa rifampisini". Hilo neno rifampisini litamfanya daktari yeyote wa damu akae vizuri kwenye kiti. Na huko kituoni mwambieni mhudumu wa TB mapema kabisa kwamba mzee yuko kwenye dawa ya saratani, mpeni na kopo la imatinib alione kwa macho yake, msiseme tu "kuna dawa nyingine anatumia". Watu wanasema hivyo kila siku na mhudumu anadhani ni za presha.

Sasa kwanini zinagongana. Kidonge cha imatinib kikimezwa kinapita tumboni, kinaingia utumbo mwembamba, kinafyonzwa, halafu damu inakipeleka kwenye ini. Kwenye ukuta wa utumbo na kwenye ini kuna kimeng'enya kinaitwa CYP3A4, kazi yake ni kuvunjavunja vitu vigeni ili mwili uvitoe. Kifikirie kama vibarua wanaoshusha mzigo kwenye lori: wakiwa idadi ya kawaida mzigo unapungua kwa kasi ya kawaida, na ile dozi ya 400 ilipangwa kwa kuzingatia kasi hiyo. Ukileta kitu kinachoongeza vibarua, dawa inaisha kwenye damu kabla haijafanya kazi. Ukileta kitu kinachowafukuza vibarua, dawa inarundikana na mgonjwa anaumizwa na dozi ileile aliyokuwa anaivumilia vizuri. Karibu migongano yote ya imatinib inazunguka hapo, kuongeza au kupunguza, ndo maana ukishaelewa hili huhitaji kukariri orodha ndefu ya vitu vya kukataza.

Rifampisini ndiyo bingwa wa kuongeza vibarua. Imo ndani ya vile vidonge vya mchanganyiko anavyopewa mgonjwa wa TB, vyenye dawa nne kwa miezi 2 ya mwanzo halafu mbili kwa miezi 4, na rifampisini imo mwanzo mpaka mwisho. Walipopima watu waliokuwa wametumia rifampisini kisha wakapewa imatinib, kiasi cha imatinib kilichokuwa kinapita kwenye damu kilishuka kwa asilimia 74. Yaani mzee anameza 400 lakini mwili unaona kama kameza robo tu. Na haitokei siku ya kwanza, ini linachukua wiki moja hadi mbili kutengeneza vimeng'enya vya ziada, kwahiyo mkisema "mbona ameanza wiki iliyopita na hamna kitu" mtakuwa mnajidanganya.

Hapa kuna mtego ninaotaka uuelewe vizuri kuliko kitu kingine chochote kwenye jibu hili. Imatinib ikipungua mwilini mgonjwa hajisikii vibaya, anajisikia VIZURI. Kichefuchefu kinaisha, macho hayavimbi tena asubuhi, miguu inaacha kubana. Familia inafurahi, mnasema TB inapona na mzee anarudi kwenye hali yake, kumbe madhara yameondoka kwa sababu dawa yenyewe imeondoka. CML inaweza kuanza kupanda kimyakimya bila dalili yoyote ya nje, na seli zinazonusurika kwenye dawa hafifu ndo zinapata nafasi ya kuwa sugu, mkija kurekebisha dozi baadaye haiwi na nguvu ileile. Kwahiyo kwa miezi hiyo 6 msipime kwa macho wala kwa hamu ya kula, pimeni kwa damu.

Madaktari watakuwa na njia kadhaa mezani na nitakupa maoni yangu ili ukienda usiwe mgeni. Ya kwanza ni kubaki na rifampisini na kupandisha imatinib, maelezo ya dawa yenyewe yanasema ikibidi kutumia pamoja na dawa ya namna hii dozi ipandishwe angalau kwa nusu, kwa mzee hapo tunaongelea 600, halafu afuatiliwe kwa karibu. Nasema angalau kwa sababu ukipiga hesabu ya robo iliyobaki utaona nusu ya ziada haizibi pengo lote, ndo maana kipimo cha ufuatiliaji ni cha lazima kwenye njia hii. Ya pili ni kubadilisha rifampisini na kuweka rifabutini, ambayo ni ndugu yake ila haiongezi vimeng'enya kwa nguvu kiasi hicho. Kitaalamu naipenda, tatizo haimo kwenye vile vidonge vya mchanganyiko na huwezi kuikuta kirahisi kituo cha wilaya, lakini ulizeni, msione aibu kuuliza. Ya tatu ambayo watu huitaja haraka ni "basi abadilishiwe dawa ya CML", hiyo haisaidii, manake nilotinib na dasatinib nazo zinavunjwa na kimeng'enya hichohicho na rifampisini inazishusha kwa takriban asilimia 80. Ya nne ni kutibu TB bila rifampisini kabisa, na hapo mimi nasita, matibabu yanakuwa marefu na dhaifu zaidi, na TB inaua haraka kuliko CML iliyotulia. Ningekuwa naulizwa kwenye kikao ningesema TB ianze kwa wakati na rifampisini yake, imatinib ipandishwe na daktari wa damu, vipimo vifanyike mara kwa mara, na kama rifabutini inapatikana basi iongelewe mapema. Ila nyinyi nyumbani MSIPANDISHE dozi wenyewe hata mkiwa na vidonge vya akiba kabatini.

Kipimo cha CML kinaitwa BCR-ABL, mzee anakijua, ndo kile wanachomtolea damu kliniki. Mashine ya GeneXpert, hiyohiyo inayotumika kupima makohozi ya TB, inaweza pia kupima BCR-ABL ikiwekewa katriji yake maalumu. Katriji hiyo haipo kila hospitali, lakini ulizeni kliniki ya Dar sampuli inaweza kuchukuliwa wapi bila mzee kusafiri kila mara akiwa anakohoa. Pamoja na hicho aombewe picha kamili ya damu, na vimeng'enya vya ini vipimwe KABLA ya kuanza TB halafu tena baada ya wiki mbili hivi. Sababu ni kwamba isoniazidi, pirazinamidi na rifampisini zote zinaweza kuchokoza ini, na imatinib nayo inaweza, sasa zikikutana nne ndani ya mwili wa mtu wa miaka 61 huwezi kwenda kwa kubahatisha. Jambo dogo la kuwatoa hofu, mkojo wake utakuwa wa rangi ya chungwa, hata machozi na jasho, hiyo ni rangi ya rifampisini tu. Cha kuogopa ni weupe wa macho kuwa wa njano, hiyo sio rangi ya dawa, hiyo ni ini.

Halafu kuna upande wa pili ambao husahaulika hata na watu wa kazi hii. Rifampisini ikiisha baada ya miezi 6 ya matibabu, vibarua wa ziada hawaondoki siku hiyohiyo, wanapungua taratibu kwa kama wiki mbili. Kama imatinib ilikuwa imepandishwa, wakishaondoka ile dozi kubwa inakuwa kubwa kweli, anaanza kuvimba, kutapika, chembe za damu zinashuka. Kwahiyo andikeni kwenye daftari tarehe ya kumaliza TB tangu sasa, na wiki ya mwisho ya vidonge vya TB ndo wiki ya kupiga simu Dar kuuliza imatinib irudishwe lini.

Twende kwenye amlodipine. Nayo inavunjwa na CYP3A4, kwahiyo rifampisini itaishusha pia na presha inaweza kupanda bila mzee kukosea dozi hata siku moja. Msimlaumu kwamba anaficha vidonge. Apimwe presha kila wiki mwezi wa kwanza wa TB, ikipanda daktari aongeze au abadilishe, zipo dawa za presha ambazo hazigombani na rifampisini kihivyo. Na malaria je, maana Muheza mbu wapo. Dawa ya mseto nayo inashushwa sana na rifampisini kiasi kwamba inaweza isitibu, hivyo akipata homa asinunuliwe mseto dukani, apimwe kwanza na aliyempima aambiwe yuko kwenye TB na imatinib.

Diklofenaki naomba iishe leo. Imatinib inaweza kushusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na inaweza kuwasha ukuta wa tumbo, diklofenaki inafanya tumbo livuje damu kirahisi, inabana figo na inashikilia maji mwilini. Mzee tayari anavimba macho. Kubanwa misuli usiku ni jambo tunaloliona sana kwa watu wa imatinib, halimaanishi ugonjwa umeingia kwenye miguu kama wengi wanavyoogopa. Anyooshe miguu kabla ya kulala, anywe maji ya kutosha mchana, na kliniki wampime madini kwenye damu hasa kalisiamu na magnesiamu, mara nyingi jibu liko hapo. Maumivu yakizidi panadol inafaa kwa siku moja mbili, lakini sio kila siku na sio dozi ya juu kabisa, hasa akishaanza TB, ini lake litakuwa na kazi tosha. Macho kuvimba asubuhi nako ni kawaida ya imatinib, sio chumvi wala sio figo moja kwa moja, ingawa kupunguza chumvi kunasaidia kidogo. Mpimeni uzito mara mbili kwa wiki kwa mzani uleule. Akiongezeka kilo 2 au zaidi ndani ya wiki moja, au akianza kupumua kwa shida, hayo ni maji yanajaa na aende hospitali. Nagusia hilo la kupumua kwa sababu imatinib inaweza kujaza maji kwenye kifua pia na kuleta kikohozi, kwahiyo hata kama makohozi yameonyesha TB, ombeni eksirei ya kifua ili wajue kama kuna maji humo.

Haya, chakula. Shangazi yako ana nia njema na naamini amesikia mahali kwamba "matunda jamii ya machungwa ni hatari kwa dawa za kansa", ila habari imemfikia nusu. Chungwa la kawaida la Muheza halina neno, ale. Chenza ale. Ndimu ya kukamulia kwenye samaki au kachumbari nayo ale. Maziwa, nyama, mayai, dagaa, maharage, vyote ale, tena anavihitaji kuliko wakati wowote maana mgonjwa wa TB anakonda na mgonjwa wa saratani anakonda, ukimnyima nyama na maziwa kwa sababu ya imatinib utakuwa unamdhoofisha bure. Hakuna mgongano wa imatinib na nyama. Hakuna na maziwa.

Yanayokatazwa ni mabalungi, na ndugu zake mafurungu na madanzi, yale machungwa machungu ya achari. Haya yana kemikali zinazoua kabisa CYP3A4 iliyopo kwenye ukuta wa utumbo, na ukishaiua inabidi utumbo utengeneze nyingine, kazi inayochukua siku moja hadi tatu. Ndo maana ule ujanja wa "atakula balungi asubuhi halafu dawa jioni" haufanyi kazi. Tunda moja au glasi moja ya juisi inatosha kuleta hiyo shida. Jambo hili lenyewe liligunduliwa kwa bahati, mtafiti anaitwa David Bailey huko Canada alikuwa anachunguza kama pombe inagongana na dawa ya presha inayoitwa felodipine, mwaka 1989, na akatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe ili watu wasijue wamepewa ipi. Viwango vya dawa kwenye damu vikatoka juu kuliko ilivyotarajiwa hata kwa wale ambao hawakupewa pombe. Juisi ndo ilikuwa mkosaji.

Ila nikuambie ukweli wote, kwa imatinib hasa balungi sio sumu ya kukimbizana nayo. Imatinib hufyonzwa karibu yote, asilimia 98, kwahiyo kule kwenye utumbo hakuna kikubwa cha kuongeza, tofauti na hiyo felodipine ambayo kawaida nyingi yake hupotelea njiani. Maelezo ya dawa bado yanasema aepuke na mimi nakubaliana nayo, kwa sababu kukata balungi hakumgharimu mtu chochote wakati machungwa yapo tele, na siku akibadilishiwa dawa nyingine ya CML balungi linaweza kuwa na uzito zaidi. Ila kama juzi alikula vipande viwili msianze kulia wala kuruka dozi. Aache tu kuanzia leo, mengine yauzeni.

Namna ya kumeza ndo nadhani mtapata nafuu ya haraka kuliko zote. Kumeza usiku tumbo tupu halafu kulala ni kinyume kabisa na imatinib inavyotaka. Kidonge hiki kinawasha tumbo, kinatakiwa kimezwe PAMOJA na mlo, mlo wa maana sio biskuti mbili, na glasi kubwa ya maji kamili, halafu akae wima kama saa moja hivi kabla ya kujilaza. Chakula hakipunguzi nguvu yake kwa kiasi cha kujali. Mimi huwa nashauri wamalize nusu ya ugali au wali, wameze kidonge, wamalizie nusu iliyobaki, wengi kichefuchefu kinapungua sana kwa hilo peke yake. Kama asubuhi hali vizuri basi iwe mlo wa mchana, muhimu iwe muda uleule kila siku. Akitapika baada ya kumeza asirudie kidonge kingine, asubiri dozi ya kesho, ila ikijirudia mtoe taarifa kliniki wampe dawa ya kuzuia kutapika. Kumeza kukiwa kugumu kidonge cha 400 kinaweza kuyeyushwa kwenye glasi ya maji ya kama mililita 200, kikorogwe na kinywewe palepale. Na sasa dawa za TB zenyewe zitakuja, hizo humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwahiyo TB asubuhi na imatinib mchana na chakula, ratiba inakaa vizuri na tumbo linapumzika. Ila msidhani kutenganisha masaa kunaondoa ule mgongano wa rifampisini, haupo tumboni, upo kwenye ini, masaa hayausaidii.

Tahadhari kidogo kwa wengine wanaosoma hapa wakiwa na dawa tofauti, msichukue hili la mlo mkalibeba. Nilotinib ambayo ni ya ugonjwa huohuo humezwa bila chakula, masaa 2 kabla na saa 1 baada, kwa sababu mlo wa mafuta unaipandisha damuni kwa zaidi ya asilimia 80 na ikizidi inavuruga mapigo ya moyo. Abiraterone ya tezi dume nayo hivyohivyo, tumbo tupu. Capecitabine kinyume chake, ndani ya nusu saa baada ya kula. Kila kidonge na sheria yake, muulize mfamasia wa hapo unapochukulia dawa.

Nimebakiza mlonge na mstafeli na najua hapa ndo pagumu, maana jirani kaleta kwa upendo na kumkatalia ni kama kumtukana. Mlonge kama mboga, majani yamepikwa na nazi au karanga, ale bila wasiwasi. Unga wa mlonge wa vijiko kila siku ni habari nyingine kidogo: maabara imeonyesha dondoo la majani yake linaweza kuzuia CYP3A4, ila Zimbabwe walipojaribu unga wenyewe kwa watu wanaotumia nevirapine, dawa ya ukimwi, kiwango cha dawa hakikubadilika kwa maana. Kwa imatinib sioni sababu ya hofu kubwa, lakini kwa miezi hii ambayo tunahangaika kujua rifampisini inafanya nini, kuongeza kitu kingine kinachoweza kuvuta upande wa pili kunatufanya tusielewe majibu ya damu. Naomba unga ukae pembeni mpaka TB iishe. Mboga iendelee.

Mstafeli nakataa moja kwa moja. Tunda la stafeli kama tunda, kipande siku mojamoja, hamna shida, naongelea majani ya kuchemshwa kunywa kila siku. Ni kweli dondoo lake limeua seli za kansa kwenye vyombo vya maabara, lakini vitu vingi mno huua seli kwenye chombo, hata jiki, hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba chai yake imemponya mtu. Na lina kemikali inaitwa annonacin inayoharibu seli za ubongo, kisiwani Guadeloupe huko Karibiani madaktari waliona wazee wengi isivyo kawaida wenye ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson, wakauhusisha na matumizi ya muda mrefu ya tunda na chai ya jamii hii ya mimea. Zaidi ya hapo mzee anakwenda kubeba dawa tano kwenye ini moja, chai hiyo haina nafasi. Kwa jirani, mwambieni asante, na mwambieni daktari wake wa damu ndo amekataza, mnirushie lawama mimi pia, hakuna tatizo.

Tena msisahau kwamba imatinib inafanya kazi kweli, watu wanatafuta majani wakidhani hospitali haina tiba. Kabla haijaidhinishwa Marekani mwaka 2001 CML ilikuwa ugonjwa wa kuhesabu miaka michache kwa wengi. Kwenye utafiti mkubwa uliofuata wagonjwa walioanzishiwa dawa hii, asilimia 83 walikuwa hai baada ya miaka 10. Lakini inadai kumezwa kila siku. Anayeruka siku tatu nne kwa mwezi tayari anajiweka pabaya, na hili ndo linaloangusha watu kuliko chungwa au nyama yoyote. Mkiona vidonge vinakaribia kuisha na kliniki bado, pigeni simu mapema, msianze kumgawia nusu nusu.

Mpelekeni hospitali usiku huohuo bila kusubiri tarehe ya kliniki akiwa na macho ya njano, homa ya 38 au zaidi, choo cheusi kama lami au kutapika damu, fizi au pua kutoka damu isiyokata, kushindwa kupumua, kuzimia, au kutapika kiasi cha kushindwa kubakiza dawa yoyote. Na popote anapotibiwa, hata kwa jino au fangasi za kidole, asipokee dawa kabla hajaonyesha anachotumia, kwa sababu vitu vya kawaida kabisa vya duka la dawa kama erithromaisini na ketokonazo vinafukuza vibarua na kuirundika imatinib, na zile za kifafa kama fenitoini na kabamazepini zinafanya kama rifampisini.

Kwa hiyo safari ya Jumatatu, beba mfuko wenye kila kitu mzee anachomeza au kunywa, makopo yenyewe, unga wa mlonge, hata lile fungu la majani, vikae mezani. Uliza maswali matatu: imatinib iwe dozi gani kuanzia lini, ini na picha ya damu vinapimwa lini, na BCR-ABL inayofuata ni tarehe ngapi na wapi. Waandike majibu kwenye kadi yake ya TB na kwenye daftari la kliniki ya damu, pande zote mbili, sio moja. Wakikuambia kituoni kwamba "zinaendana tu, endeleeni", usibishane nao, omba namba ya mratibu wa TB wa wilaya na umpe namba ya kliniki ya Dar waongee wenyewe.